Kutafuta Longitudo kwa Jua na Saa: Mazoezi ya Uani Dodoma kwa Anayejiandaa Kwenda Baharini

Mtu aliyekulia Dodoma husafiri zaidi ya kilomita 400 kuelekea mashariki kabla ya kuona maji ya chumvi, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba elimu ya kuongoza chombo ni lazima ianzie pwani. Kwa hesabu ya longitudo si hivyo. Jua linalopimwa na nahodha katikati ya Bahari ya Hindi ndilo hilo hilo linalowaka juu ya sakafu ya saruji kule Area C au Kikuyu, na saa inayohitajika imo ndani ya simu ya kila kijana. Tena nchi kavu ina faida yake: kosa ambalo baharini lingepandisha chombo mwambani, hapa litakufanya tu ujikute kwenye karatasi uko Bahi ilhali umesimama Dodoma mjini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kijana anayejiandaa kwenda Chuo cha Bahari Dar es Salaam, kwa mwalimu wa Jiografia ambaye amechoka kufundisha longitudo ubaoni tu, na kwa yeyote anayetaka kujua mahali alipo bila kuuliza setilaiti.

Longitudo ni tofauti ya saa

Latitudo haikuwasumbua sana wazee wa bahari. Manahodha waliokuja na kaskazi na kurudi na kusi walipima kimo cha nyota kwa kamali, yaani kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, na kimo hicho kiliwaambia wamefika umbali gani kaskazini au kusini. Longitudo haikubali kupatikana kwa njia hiyo, kwa kuwa dunia huzunguka, na jua lile lile hupita juu ya kila mji ulio katika latitudo moja, kwa kimo kile kile, siku ile ile. Kinachotofautiana ni wakati wa kupita. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo nyuzi 15 huchukua saa moja, nyuzi moja huchukua dakika 4, na sekunde moja ya saa ni mwendo wa mita 460 hivi juu ya ardhi katika latitudo ya Dodoma. Ukijua ni saa ngapi Greenwich, mahali kule Uingereza ambapo longitudo ni sifuri, wakati jua likiwa katikati ya mbingu yako, umeijua longitudo yako.

Jambo hili lilifahamika zamani. Kilichokosekana ni saa ya kuaminika ndani ya chombo kinachoyumba. Baada ya meli nne za kivita za Uingereza kupotelea kwenye miamba ya visiwa vya Scilly mwaka 1707, Bunge la nchi hiyo lilitoa sheria mwaka 1714 ya kumzawadia hadi pauni 20,000 atakayepata njia, na fundi John Harrison alikamilisha mwaka 1759 saa ya nne kati ya zile alizotengeneza kwa kazi hiyo. Ilipojaribiwa katika safari ya Jamaica ya 1761 hadi 1762, ilikosea sekunde 5 hivi tu baada ya mwenendo wake wa kila siku kuzingatiwa katika hesabu. Hata hivyo saa kama hizo ziliendelea kuwa dhaifu mbele ya mitikisiko ya safari: Burton na Speke walipopita Ugogo mwaka 1857 wakielekea Ziwa Tanganyika, kronomita, yaani saa za aina hiyo, walizozibeba ziliwaharibikia, wakalazimika kutegemea njia nyingine. Simu ya leo inawapita wote hao, mradi tu umeiruhusu ichukue saa ya mtandao yenyewe wala hukuipanga kwa mkono.

Kwa nini saa sita ya simu si adhuhuri ya Dodoma

Saa ya Afrika Mashariki iko mbele ya ile ya Greenwich kwa saa 3 kamili, maana yake inafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki. Mstari huo haupiti Tanzania hata kidogo; unapita Somalia, karibu na Mogadishu. Dodoma iko karibu nyuzi 35 na dakika 44 mashariki (hizi ni dakika za nyuzi, 60 kwa kila nyuzi, si za saa), yaani nyuzi 9 na robo hivi magharibi ya mstari huo, kwa hiyo jua hutuchelewa kwa dakika 37. Dar es Salaam jua huchelewa kwa dakika 23 tu, na Kigoma kwa zaidi ya saa nzima kidogo. Waislamu wanaofuata ratiba ya swala wanalijua hili bila hesabu, kwa kuwa adhuhuri ya Dodoma huingia dakika 14 hivi baada ya ile ya Dar es Salaam, ingawa miji yote miwili ina saa moja ukutani.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo humwangusha anayeanza. Jua lenyewe si mtumwa wa saa. Kwa sababu njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na kwa sababu mhimili wa dunia umelala upande, jua mara hutangulia saa na mara huchelewa nyuma yake, kwa kiasi kinachojulikana kwa kila siku ya mwaka. Hapa nitaliita pengo la jua na saa. Karibu na tarehe 11 Februari jua huchelewa kwa dakika 14 na sekunde 13 hivi. Tarehe 14 Mei linatangulia kwa dakika 3 na sekunde 40 hivi. Tarehe 26 Julai linachelewa kwa dakika 6 na nusu. Na tarehe 3 Novemba linatangulia kwa dakika 16 na sekunde 25, kiwango kikubwa kuliko chote cha mwaka. Pengo linakuwa sifuri, au karibu na sifuri, mara nne: tarehe 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba. Thamani kamili ya kila siku huchapishwa katika almanaki ya kibaharia, yaani kitabu cha majedwali ya jua na nyota, ya mwaka husika, na usitumie makisio ya mchoro wa kitabuni, kwa kuwa dakika moja ya kosa hapa ni zaidi ya kilomita 27 kwenye ramani.

Kwa hiyo adhuhuri ya jua ya Dodoma haikai mahali pamoja. Katika Novemba mapema jua hufika katikati ya mbingu karibu saa 6 na dakika 21 mchana, na katikati ya Februari hufika saa 6 na dakika 51.

Kuhusu siku ya kuanzia, ushauri wangu ni tarehe 1 Septemba au siku za mwanzo za Novemba, na zote zina sababu. Septemba mosi pengo ni sifuri, kwa hiyo anayejifunza anashughulika na jambo moja badala ya mawili. Mwanzoni mwa Novemba pengo ni kubwa, lakini limefika kileleni na halisogei ila kwa sekunde chache siku hata siku, hivyo hata ukitumia thamani ya jana hutadhurika. Isitoshe, nyakati hizo mbili mvua za Dodoma bado hazijaanza na mbingu huwa wazi asubuhi na alasiri. Machi na Aprili ni za kubahatisha kwa sababu ya mawingu.

Usingoje kivuli kifupi kuliko vyote

Vitabu vingi vya shule humwambia mwanafunzi asimamishe kijiti, atazame kivuli kinavyopungua, na pale kitakapokuwa kifupi kuliko vyote asome saa. Kwa kupata mwelekeo wa kaskazini na kusini njia hiyo inafaa kiasi. Kwa longitudo haifai. Jua linapokaribia kilele chake hupunguza mwendo wa kupanda mpaka kimo kinaonekana kimesimama, na katika dakika kadhaa kabla na baada ya adhuhuri urefu wa kivuli haubadiliki kwa kiasi ambacho jicho linaweza kukiona. Wakati huo huo dunia haijasimama.

Njia ya mabaharia ni kupima vimo vinavyolingana. Asubuhi, jua likiwa linapanda kwa kasi, unaandika saa lilipofika kimo fulani. Alasiri unangoja lirudi kwenye kimo kile kile, unaandika saa tena. Kisha unagawa muda wa kati kwa mbili. Nusu ya njia ndiyo adhuhuri. Uzuri wa njia hii ni kwamba huhitaji kujua kimo chenyewe ni nyuzi ngapi, ilimradi cha asubuhi na cha alasiri ni kimoja. Makosa ya chombo, kupinda kwa mwanga katika hewa na upana wa jua hujifuta vyenyewe. Kwa ukamilifu, jua husogea kidogo kaskazini au kusini kati ya vipimo viwili, na wataalamu hufanya marekebisho kwa ajili hiyo. Lakini Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, na huku kwetu marekebisho hayo hayazidi sekunde chache. Anayepima Ulaya hana raha hiyo.

Kuandaa sakafu na tundu

Kivuli cha ncha ya nondo hakina ukingo mkali, kwa kuwa jua si nukta. Badala ya ncha, tumia tundu. Chukua kipande cha bati au cha kadibodi ngumu chenye upana wa sentimita 20 kila upande, kitoboe katikati kwa msumari tundu la milimita 4, kisha kikaze kwenye mkono wa mbao uliotokezwa kutoka kwenye kiti kizito au dirisha, ili kikae mita moja juu ya sakafu na kisitikisike. Chini yake, ndani ya kivuli cha bati, utaona duara dogo la mwanga lenye upana wa zaidi ya sentimita moja. Hiyo ni taswira ya jua lenyewe. Ukiitazama hiyo huna haja ya kuinua macho juu, na usiyainue: kulitazama jua bila kinga huharibu jicho bila kuuma, na madhara yake yanaweza kuwa ya kudumu.

Teremsha timazi kupitia katikati ya tundu hadi inakaribia kugusa sakafu, na pale ncha yake inapoelekea weka alama. Upepo wa Dodoma hautakuruhusu kirahisi, hasa Julai na Agosti; mafundi hutumbukiza jiwe la timazi ndani ya kopo la maji au la oili chafu ili litulie, nawe ukisha kuona uzi umetulia, unapima mahali pake kwa rula mbili zilizosimamishwa pembeni ya kopo, kisha unaliondoa. Kutoka kwenye alama hiyo chora kwa chaki au mkaa duara tatu, kwa uzi usiovutika au kwa futi ya chuma.

Ukubwa wa duara hutegemea majira, na hili halisemwi mara nyingi. Mwezi Novemba jua la adhuhuri liko kusini ya Dodoma kidogo tu, na mwanga wa tundu lililo kimo cha mita moja utaanguka sentimita 15 hivi upande wa kaskazini wa alama, kwa hiyo duara zilizo umbali wa sentimita 50, 70 na 90 kutoka kwenye alama zinafaa. Septemba mosi jua liko kaskazini, na mwanga wa adhuhuri uko sentimita 26 upande wa kusini. Duara hizo hizo bado zinatosha. Katikati ya Juni mwanga haukaribii alama kuliko sentimita 56, hivyo duara la 50 halitaguswa siku nzima, nawe utalingoja bure. Chora 70, 85 na 100.

Sasa jambo ambalo ni zito kuliko mengine yote: usawa wa sakafu. Sakafu inayoinama mashariki au magharibi kwa milimita 2 tu katika kila mita huufanya mwanga uwahi asubuhi na alasiri pia, au uchelewe mara zote mbili, na matokeo yake ni adhuhuri iliyohama kwa karibu nusu dakika, sawa na takriban kilomita 12. Sakafu nyingi za uani zimeinamishwa kwa makusudi ili maji ya mvua yatoke. Pima maji ya fundi inaweza kukuonyesha kosa kubwa, lakini kwa kazi hii mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji bila mapovu, ni bora zaidi, kama wafanyavyo mafundi wanaposawazisha msingi wa nyumba. Ikiwa sakafu imekataa, laza ubao mpana ulionyooka na uuinue kwa vipande vya karatasi pembeni mpaka maji ya ncha zote mbili yakubali. Saa moja ya kuhangaika na usawa ina thamani kuliko wiki nzima ya kurudia vipimo juu ya sakafu mbovu.

Kupima

Anza mapema kuliko unavyodhani. Kwa duara la sentimita 90 mwezi Novemba, mwanga hufika kwenye mstari karibu saa 3 na nusu asubuhi. Utauona ukiingia kutoka nje kuelekea kwenye alama, kwa mwendo wa milimita 8 hivi kwa dakika. Andika saa, pamoja na sekunde, pale ukingo wa kwanza wa duara la mwanga unapougusa mstari, kisha andika tena ukingo wa mwisho unapouacha; katikati ya nyakati hizo mbili ndipo kitovu cha jua kilipovuka. Kukisia kitovu kwa jicho kunawezekana, ila milimita moja ya makisio ni sekunde 8, na kingo zinaonekana vizuri kuliko kitovu. Kama uko peke yako, piga picha kwa simu wakati wa kila tukio, kwa sababu maelezo ya picha huhifadhi saa na sekunde. Alasiri mambo hugeuka: mwanga hutoka ndani kwenda nje, na duara la ndani ndilo huguswa kwanza.

Katikati ya hapo usiguse kitu. Mtoto akisukuma kiti baada ya vipimo vya asubuhi, siku imekwisha. Anza upya kesho. Wingu likificha jua alasiri kwenye duara moja, tupa jozi hiyo na ubaki na nyingine, ndiyo maana duara ni tatu.

Neno moja kuhusu saa zetu. Hesabu za longitudo hufanywa kwa saa ya Greenwich inayohesabiwa kuanzia usiku wa manane, nasi huhesabu saa za mchana kuanzia alfajiri. Kwa bahati njema njia ya mkato ni fupi: saa ya Kiswahili ya mchana ukiiongezea 3 umepata saa ya Greenwich. Saa 3:33 asubuhi ni 6:33 ya Greenwich, na saa 9:08 alasiri ni 12:08. Hesabu hii ni ya nchi zinazotumia saa ya Afrika Mashariki tu. Usiende nayo Kongo ya magharibi.

Hesabu kwa mfano

Tuchukue tarehe 3 Novemba, kwa takwimu za mfano ambazo zimekaribia hali halisi ya Dodoma. Duara la 90 limevukwa saa 3:33:28 asubuhi na saa 9:08:10 alasiri. Duara la 70 limevukwa saa 4:02:36 na saa 8:38:24. Duara la 50 limevukwa saa 4:38:52 na saa 8:02:40. Jumlisha kila jozi na ugawe kwa mbili, utapata adhuhuri tatu: saa 6:20:49, saa 6:20:30 na saa 6:20:46. Zinapishana kwa sekunde 19, nao ni upishano wa kawaida kwa vifaa hivi. Zingepishana kwa dakika, ningeshuku timazi au saa iliyoandikwa kwa haraka. Wastani wake ni saa 6:20:42 mchana.

Ongeza 3: adhuhuri ya Dodoma imetokea saa 9:20:42 ya Greenwich. Siku hiyo jua linatangulia saa kwa dakika 16 na sekunde 25, kwa hiyo saa ya jua ya Greenwich ilikuwa 9:20:42 kujumlisha 0:16:25, yaani 9:37:07. Katika miezi ambayo jua linachelewa, unatoa badala ya kujumlisha. Jua lilikuwa juu ya mstari wako huku Greenwich likibakiza saa 2, dakika 22 na sekunde 53 kufika juu ya mstari wao. Na kwa kuwa lilikufikia wewe kwanza, uko mashariki yao. Geuza muda kuwa nyuzi: saa 2 ni nyuzi 30, dakika 22 ni nyuzi 5 na nusu, sekunde 53 ni dakika za nyuzi 13 na robo. Longitudo ni nyuzi 35 na dakika 43 mashariki. Ukilinganisha na ramani, kosa ni kama kilomita 2. Usitegemee usahihi huo siku ya kwanza. Anayefanya kazi kwa uangalifu juu ya sakafu iliyosawazishwa atapata kosa la kilomita 5 hadi 10, na hilo tayari linatosha kutenganisha Dodoma na Mpwapwa, ambayo jua huifikia dakika 3 kabla yetu, au na Singida, ambayo hulisubiri dakika 4 baada yetu.

Shule mbili zinaweza kufanya jambo zuri zaidi. Walimu wa Dodoma na Mpwapwa wakipima siku moja na kulinganisha adhuhuri zao kwa simu, pengo la jua na saa linajifuta lenyewe, na tofauti inayobaki ni longitudo tupu. Wakichagua Kondoa na Dodoma, watashangaa kuona hakuna tofauti, kwa kuwa miji hiyo miwili iko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, ijapokuwa safari yake ni ndefu.

Kuna siku mbili za kipekee. Karibu na tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba jua hupita utosini mwa Dodoma. Siku hizo ile kasoro ya kivuli kilichosimama huondoka, kwa maana jua halipunguzi mwendo: linapanda moja kwa moja hadi utosini na kushuka upande wa pili. Ukiinua tundu hadi mita 2, mwanga utapita juu ya alama ya timazi kwa mwendo wa karibu milimita 9 kwa dakika, na adhuhuri inasomwa papo hapo, karibu saa 6:24 ile siku ya Oktoba. Machi iachie mvua.

Kinachobadilika baharini

Baharini hakuna sakafu, ila kuna kitu bora kuliko sakafu, nacho ni mstari wa upeo wa macho. Baharia hutumia sekstanti, ambayo kwa vioo vyake hulishusha jua mpaka ukingo wake wa chini ubusu upeo, na vioo vya giza hulinda jicho. Asubuhi huiweka kwenye kimo fulani na kungoja. Alasiri huiacha kwenye kimo kile kile na kungoja tena. Anayetaka kuifanyia sekstanti mazoezi Dodoma, ambako vilima na nyumba zimeficha upeo, amwage oili chafu kwenye sahani pana, aikinge upepo, na apime pembe kati ya jua la juu na taswira yake ndani ya oili. Nusu ya pembe hiyo ndiyo kimo. Sekstanti nyingi hazipimi sana zaidi ya nyuzi 120, kwa hiyo njia ya sahani hukoma jua likipita nyuzi 60, na jua letu la mchana hupita hapo mara nyingi. Vipimo vya asubuhi na alasiri ndivyo vitakavyobaki.

Tofauti kubwa ni kwamba meli haikai. Ikiwa inakwenda mashariki au magharibi hakuna shida: jozi ya vimo inakupa adhuhuri ya mahali ulipokuwa adhuhuri hiyo, na saa ulizosafiri tangu hapo unazijumlisha kwa mwendo na dira. Ikiwa inakwenda kaskazini au kusini, kimo cha jua hubadilika kwa sababu ya safari yenyewe, na katikati ya jozi si adhuhuri tena. Kipimo cha kosa hilo kinajulikana, nacho ni sahihi pale jozi zinapochukuliwa karibu na adhuhuri. Chukua tanjenti ya latitudo yako na tanjenti ya latitudo ambayo jua liko wima juu yake siku hiyo. Kama zote ziko upande mmoja wa ikweta toa ndogo kwenye kubwa, kama ziko pande tofauti zijumlishe. Zidisha kwa 15.3, kisha zidisha kwa maili za baharini unazokwenda kaskazini au kusini kila saa. Jibu ni sekunde. Meli inayoshuka kutoka Dar es Salaam kwenda Mtwara kwa noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa, ikiwa nyuzi 8 kusini, mwanzoni mwa Novemba hukosea sekunde 23 hivi, sawa na karibu maili 6. Safari hiyo hiyo mwezi Juni, jua likiwa kaskazini kabisa, hukosea dakika moja na sekunde 45, na hapo ni maili 26, umbali unaotosha kabisa kuipandisha meli kwenye fungu.

Upande wa kosa unapatikana kwa kufikiri, bila kukariri. Meli ikilifuata jua, jua huendelea kupanda hata baada ya adhuhuri, kwa hiyo katikati ya jozi huja kwa kuchelewa, na sekunde hizo zinatolewa. Meli ikilikimbia jua, katikati ya jozi huwahi, na sekunde zinajumlishwa. Meli yetu ya Mtwara mwezi Juni inalikimbia, basi nahodha ataongeza 1:45 kwenye saa aliyoipata kabla ya kugusa almanaki. Mwezi Novemba, jua likiwa nyuzi 15 kusini na meli ikiwa nyuzi 8, inalifuata, basi atatoa sekunde 23.